Unyevu

Ulianza kwa doa kwenye ukuta wa chumba cha watoto,
dogo, kadiri ya kiganja.
Nikalisugua kwa siki. Alhamisi likarudi
na ndugu zake.

Wakala wa mwenye nyumba akaja na kidude chenye taa nyekundu,
akakigusisha ukutani, akatikisa kichwa:
Mnapika sana, mama. Ni mvuke.
Mnaanika nguo ndani. Fungueni madirisha.
Dundee hii, Januari hii, nifungue madirisha.

Bi Senga Petrie wa ghorofa ya tatu,
aliyesokota juti tangu usichana wake
mpaka kiwanda kilipomfungia mlango,
alinisimamisha kwenye ngazi, pumzi zikimkatika:
Bibi yangu alikuwa akisikia maji usiku,
yanapita chini, chini kabisa.
Sisi tukasema ni uzee.
Nenda kwenye makaratasi ya mji, ukaulize.

Nikaenda na pasipoti, bili ya umeme, mkataba wa nyumba,
na jibu nililolipiga pasi tayari
kwa lile swali la unatoka wapi hasa.
Halikuulizwa.
Kijana mwenye sweta lililotoboka kiwiko
(beji yake ilisema Ruaridh)
alininyang'anya kalamu kwa adabu, akanipa penseli.
Unatafuta nini?
Unyevu, nikasema.
Hakucheka. Akaandika: unyevu.
Akapotelea nyuma ya mlango, na punde nikasikia
magurudumu ya kigari yakilia sakafuni.

Masanduku ya kijivu, utepe mweupe,
fundo laini kama la kanga ya mbeleko.
Nilipofungua, mji ulikuwa umelala humo na viatu vyake:
mwalimu analalamikia panya,
mtu katozwa faini kwa kumwaga majivu dirishani,
risiti ya makaa, risiti ya makaa, risiti ya jeneza dogo.
Kisha daftari la wapangaji.
Namba kumi na nne, chini, kushoto. Kwangu.
Euphemia Gowans, mjane, msokotaji, watoto watano.
Na pembeni, kwa mwandiko wa karani mwenye haraka ya chakula cha mchana:
Analalamika kuhusu maji.
Ameambiwa afungue madirisha.

Nilicheka peke yangu
hadi mzee wa meza ya jirani, anayesaka kaburi la shangazi yake,
akainua miwani.

Ruaridh akakunjua ramani,
akailaza pembe zake chini ya vifuko vizito.
Kijito. Uzi wa buluu iliyochujuka
ukishuka kutoka kilimani, ukikata bustani ya mtu,
ukipita pale hasa kilipo kitanda cha mwanangu.
Ramani iliyofuata, hakipo.
Hakikukauka. Kilifunikwa, kikajengewa,
kikaachwa kitembee gizani na kiu ya kuonekana.
Mali bila daftari huisha bila habari, tulifundishwa.
Maji je? Maji hufuata mkondo,
hata mkondo ukizikwa,
na siku moja hubisha ukutani kwa kiganja.

Nakala iligharimu chini ya mkate na maziwa.
Wakala aliitazama muda mrefu,
akaigeuza, kana kwamba nyuma yake
pangekuwa na mji mwingine, mkavu.
Halmashauri ikaandika. Mwenye nyumba akaandika.
Aprili wakaja kuchimba; Mei wakaondoka, wakarudi Juni.
Ukuta mpaka leo una kivuli.
Bi Senga anasema ni cha bibi yake, tukiache.

Nilirudisha penseli niliyoibeba kwa bahati mbaya.
Ruaridh aliuliza kama wanaweza kuhifadhi barua zangu,
zile zenye hasira pia.
Hasa zile, akasema.

Basi niko humo, sanduku lilelile,
karatasi kadhaa juu ya Euphemia.
Atakayekuja na doa lake baada ya miaka mia
atanikuta kwa jina kamili, herufi zote,
na neno moja pembeni nililoliandika mwenyewe:
Amekataa kufungua madirisha.